NJIA HAIJILINDI

Mtu aliyezaliwa Maparoni hahitaji kufundishwa kwamba njia ni kazi. Katika visiwa vile vya delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, barabara ni maji, na maji hayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Asiyejua saa ya kupwa hukwama topeni na mtumbwi wake mpaka bahari itakaporudi. Ajuaye ni yule aliyeonyeshwa na wazee wake mkondo upi una kina na upi umezibwa na mchanga wa mafuriko. Ujuzi huo haukulipiwa mshahara na mtu yeyote, lakini bila huo hapana samaki afikaye sokoni wala mgonjwa afikaye zahanati.

Twaanza na Maparoni kwa kuwa leo twataka kuzungumza juu ya wafanyakazi ambao kazi yao ni ya namna hiyo hiyo, ila wao huifanya mlimani: wale wanaotunza njia ndefu za kupandia Kilimanjaro na kumfunza mgeni namna ya kuzipita. Ni kazi ya msimu. Wageni huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi mapema Machi. Masika yanapoanguka, njia huwa tupu, na mifuko ya wafanyakazi huwa mitupu vile vile.

Wako wadhanio kwamba kiongozi wa msafara ni mtu wa kutangulia mbele tu, na mpagazi ni bega la kubebea mizigo. Hilo ni kosa. Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895, na huko juu hewa ni nyepesi. Mgeni atokaye mjini hutaka kukimbia. Kiongozi humzuia, humwambia apande polepole, anywe maji, wala asifiche maumivu ya kichwa. Anapomwona anayumba na kupumua kwa shida, humteremsha, hata kama mgeni amelipa fedha nyingi na analia kwamba kilele ki karibu. Mafunzo hayo yameokoa roho za watu.

Tena iko kazi ya njia yenyewe. Mgeni mmoja akikata kona ili afupishe mwendo, wa pili humfuata, na wa mia hupita hapo hapo. Majani hufa, udongo hubaki uchi, na mvua ikija hupachimba pakawa korongo. Juu ya msitu, kwenye baridi, mimea hukua taratibu mno, na jeraha la siku moja hukaa miaka. Kwa hiyo hapana budi wawepo watu wa kuchimba mifereji midogo ya kukingamia njia ili maji yatoke pembeni, wa kupanga mawe na magogo yawe ngazi, na wa kuokota takataka na kuziteremsha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwezi Oktoba 1920 na 100, yaani 2020, twakumbuka sote, moto ulizuka kwenye njia ya Marangu, kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza takriban kilomita za mraba 95. Mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji. Siku ile hakuna aliyeuliza kama mlinzi wa njia ni mtu wa lazima.

Wenzetu wa ng'ambo nao wamelijua jambo hili. Huko Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,500, ipitayo katika majimbo 14. Benton MacKaye aliitoa fikra hiyo mwaka 1921, na njia ikakamilika mwaka 1937. Katika sehemu zake nyingi, kila msimu huajiriwa watu wa kutembea njiani siku kwa siku, kuzungumza na wapitao, kuwaelekeza namna ya kupiga kambi na kuzima moto, kuondoa miti iliyoanguka na kuokota taka. Silaha yao kubwa ni ulimi wenye adabu. Mgeni aliyeelezwa sababu huilinda njia hata pale asipoonekana na mtu.

Basi, kama kazi hii ina thamani hiyo, mfanyakazi wake anastahili nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, kwa muda gani, kwa ujira gani. Lakini kifungu hicho hakimhusu mtu afanyaye kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Sasa tazameni: safari ya njia ya Marangu yaweza kwisha kwa siku 5. Mpagazi aliyepanda leo kwa huyu na wiki ijayo kwa yule, mwezi mzima amebeba, na bado aweza kukosa karatasi.

Watasema wenye kampuni kwamba kazi ya msimu haiwezi kulipwa mwaka mzima. Ni kweli, wala hatudai hivyo. Twadai kwamba kila safari, hata ya siku moja, iandikwe. Ujira utajwe kabla ya mzigo kuinuliwa. Na bakshishi ya mgeni isihesabiwe kuwa ndiyo mshahara. Tena miezi ya masika, njia inapokuwa tupu, ndiyo miezi ya kuona wapi maji yameipasua. Mikono iliyozoea njia hiyo ipewe kazi ya kuitengeneza, kwa malipo.

Haya yawahusu watu wa Maparoni pia. Delta yao ina msitu mkubwa wa mikoko, na tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia. Wageni wakija kuona mikoko, atakayewapitisha ni nani? Atakayewakataza kukanyaga mizizi ya mchu, ambayo mti hupumulia, ni nani? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona kwa kutazama mashua ya wengine ikipita. Kijiji na kiwachague watunza njia wake mapema, mapatano yaandikwe, na ujuzi wa wazee juu ya maji na mikondo uhesabiwe kuwa ni kazi ya fundi.

Njia haijilindi. Anayeilinda ni mfanyakazi, na mfanyakazi hula kila mwezi, hata mwezi ambao mgeni hayupo.