Wahindu na tabaka zao: fundisho la kale na swali kwa makanisa ya Ituri

Huku Ituri tumewaona Wahindu kuliko tunavyofikiri. Wengi wa askari wa Nepal waliotumwa na Umoja wa Mataifa kulinda amani katika jimbo letu ni wa dini hiyo, na wafanyabiashara wetu hukutana nao madukani Kampala. Lakini tukiulizwa wanaamini nini, tunajibu tu: "Wanaabudu ng'ombe." Jibu hilo halitoshi. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikubagua jirani wa dini nyingine.

Kwanza tutofautishe maneno mawili. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko; anaweza kuwa Mwislamu, Singasinga au Mkristo. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Dini hiyo haina mwanzilishi mmoja, na maandiko yake ya kale zaidi, yaitwayo Veda, yana umri wa miaka kama 3,000.

Wanaamini nini?

Wengine humwabudu Vishnu, wengine Shiva, na wengi husema kwamba nyuma ya majina yote kuna ukweli mmoja, Brahman. Wanaamini kwamba mwili ukifa, roho huzaliwa tena katika mwili mwingine. Atakavyozaliwa mtu hutegemea matendo yake ya zamani: hiyo ndiyo karma. Kila mmoja ana wajibu wake, dharma. Tumaini la mwisho ni moksha, yaani kufunguliwa kutoka katika mzunguko huo wa kuzaliwa na kufa.

Tabaka nne

Wimbo mmoja wa Rig Veda unasimulia habari za Purusha, mtu wa kwanza, ambaye miungu ilimtoa sadaka. Kinywa chake kikawa Wabrahmani, yaani makuhani. Mikono yake ikawa watawala na askari. Mapaja yake yakawa wafanyabiashara na wakulima. Miguuni wakatoka Shudra, watumishi. Nje ya hao wote waliwekwa watu walioitwa "wasioguswa", walioachiwa kuondoa mizoga na kusafisha vyoo. Leo wengi wao hujiita Dalit. Ndani ya mpango huo kuna vikundi maelfu vya ukoo na kazi, na kwa desturi mtu huzaliwa, huoa na hufa ndani ya kikundi chake.

Unganisha sasa tabaka na karma, utaona linapouma. Aliyezaliwa chini anaambiwa kwamba amestahili, kwa makosa ya maisha ambayo hata hayakumbuki.

Si Wahindu wote wanaokubali jambo hilo. Gandhi, Mhindu, alipinga watu kuitwa wasioguswa. Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa mwaka wa 1891 kati ya hao wasioguswa, alisoma hadi kuwa daktari wa uchumi na mwanasheria. Mwaka wa 1927 yeye na wenzake walichoma hadharani kitabu cha sheria za Manu. Baadaye aliongoza kamati iliyoandika katiba ya India, ambayo tangu 1950 inakataza ubaguzi huo. Mwaka wa 1956 aliiacha dini ya Kihindu, akawa Mbudha pamoja na wafuasi wengi sana. Sheria ipo, lakini ubaguzi haujaisha.

Na kanisa?

Tusijisifu. Kusini mwa India, Wakristo wa tabaka mbalimbali walikaa mbalimbali kanisani, hata kwenye Meza ya Bwana. Mwaka wa 1833 Askofu Daniel Wilson wa Calcutta aliagiza tofauti hizo ziachwe. Wengine waliona afadhali kuacha kanisa kuliko kuacha tabaka.

Sisi hatuna Veda. Lakini wakoloni wa Kibelgiji waliwahesabu Wahema kuwa wamezaliwa kutawala, na Walendu kuwa watu wa kutumikishwa. Ugomvi wa mashamba, dhahabu na siasa ulipowaka kati ya 1999 na 2003, wazo hilo lilikuwa kuni kavu. Mongbwalu yetu ilipita mikononi mwa kundi moja hadi jingine, na watu waliuawa kwa sababu tu ya kabila walilozaliwa.

Katika Yohana 9, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu: yeye au wazazi wake? Yesu alikataa hesabu hiyo, kisha akamponya. Hakutafuta kosa nyuma ya kuzaliwa kwake.

Basi tujichunguze. Mtoto mwenye ulemavu akizaliwa, tunamletea mama yake chakula au tunanong'ona juu ya laana? PDG wa shimo akiingia ibadani pamoja na mchimbaji wake, nani anapewa kiti cha mbele? Yakobo 2 imekwisha kujibu. Tukichagua wazee wa kanisa, tunauliza kwanza imani yao au kabila lao? Kijana akitaka kuoa binti wa kabila lingine, mwamini mwenzake, tunampinga kwa andiko gani?

Wazee wa kila parokia wayachukue maswali haya manne katika kikao chao kijacho, wayajibu kwa ukweli mbele za Mungu. Ndipo tutakapoweza kumweleza jirani Mhindu juu ya Kristo, naye akatuamini.