Sauti ya Mgonjwa Ndani ya Hospitali

Yako mazoea ya kale miongoni mwetu, nayo yamejengwa juu ya adabu njema, kwamba mgonjwa akishafika mbele ya tabibu humkabidhi mwili wake pamoja na ulimi wake, akaitikia kila aambiwalo, akameza kila apewacho, na akaona ni utovu wa heshima kuuliza. Lakini katika hospitali ya zama zetu, ambamo mtu mmoja aliyelazwa hupita mikononi mwa madaktari, wauguzi wa zamu mbalimbali, wapimaji wa maabara na mfamasia, adabu hiyo yaweza kumletea madhara. Kwa kuwa watu hao, hata wakiwa hodari na waaminifu, kila mmoja hushuhudia sehemu tu ya matibabu, na aliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho ni mgonjwa peke yake.

Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitangaza makadirio kwamba makosa ya utabibu yalikuwa yakiua baina ya watu 44,000 na 98,000 kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo, ikabainisha kuwa aghalabu chanzo chake ni utaratibu mbovu unaomwacha binadamu aliyechoka ategemee kumbukumbu yake. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilitunga orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika kila upasuaji, likaijaribu katika hospitali za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na matatizo makubwa ya baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. La kutanabahi ni kwamba jambo la kwanza katika orodha ile hutoka kinywani mwa mgonjwa: kabla ya kupewa nusukaputi, athibitishe jina lake, mahali patakapopasuliwa, kazi itakayofanywa, na kwamba ameridhia.

Basi anayelazwa na aanze na jina. Muuguzi akimjia na mfuko wa damu akauliza, "Wewe ndiwe Bi Fatuma?", mgonjwa aliyelemewa na homa huweza kuitikia "naam" hata kama siye, kwa hiyo ataje jina lake kamili mwenyewe, kisha aombe lilinganishwe na lililoandikwa, maana damu ya kundi lisiloafikiana na lake yaweza kumwua, na kosa hilo mara nyingi huzaliwa na kuchanganywa kwa wagonjwa wawili.

Kwa upande wa dawa, aulize yaitwaje, yatibu nini, yatumiwa vipi na kwa muda gani, na kama haipingani na nyingine anazozitumia. Chukua mfano wa parasetamoli, ambayo huuzwa kwa majina mengi ya biashara, na tena imo ndani ya dawa kadha wa kadha za mafua: mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, lakini amezaye ya maumivu na ya mafua pamoja, akidhani ni dawa mbili mbali, huweza kuvuka kipimo hicho na kuliharibu ini lake bila ya kuhisi jambo siku ya kwanza. Kadhalika ataje mzio alio nao, mimba ikiwapo, na mitishamba aliyokunywa nyumbani, bila ya kuona haya, kwani mficha uchi hazai.

Hayo yote yasemwe kwa upole. "Niwie radhi, dada, kidonge hiki sikupewa jana" ni maneno yasiyomvunjia mtu heshima, nayo humpa muuguzi fursa ya kukitazama tena cheti kabla kosa halijatendeka. Mtoto, au aliyepoteza fahamu, jamaa yake na amsemee. Wala kwa kuuliza huko dhamana haihami: hospitali ndiyo iliyopewa amana ya mwili wa mtu, na tabibu mwenye kuijua kazi yake hulipokea swali la mgonjwa kuwa ni msaada, hali yule anayelikasirikia amempa mgonjwa sababu ya kuuliza mara ya pili.