SHUBIRI: JANI MOJA, MAJI YA AINA MBILI

Mwezi uliopita mama mmoja wa skimu yetu alifika ofisini asubuhi, mtoto mgongoni, kuuliza habari za mbegu za mahindi. Mtoto alikuwa amelegea na midomo imemkauka. Tulipomwuliza, alisema mtoto alishikwa na homa, naye akamnywesha maji ya shubiri siku mbili. Tangu hapo alikuwa akihara tu. Tulimpeleka kituo cha afya mara ile ile, na sasa mtoto yu mzima. Lakini jambo hilo limenifanya nishike kalamu, maana mmea huu uko karibu na nyumba nyingi, na wengi wetu hatuujui sawasawa.

Shubiri ni ule mmea wa majani manene yenye miiba pembeni. Wakamba huuita kiluma, Wajaluo ogaka, na Wasamburu sukuroi. Likate jani moja ulitazame vizuri. Chini ya ganda hutoka utomvu wa manjano, mchungu sana. Katikati mna ute mwangavu kama kioo. Hivi ni vitu viwili mbali mbali, na kazi zake si moja.

Utomvu ni dawa ya kuharisha tangu zamani. Ndani yake mna kitu kiitwacho aloini, ambacho huchokoza matumbo na kumaliza maji mwilini. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliamuru dawa za kuharisha zenye shubiri ziondolewe madukani, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa. Basi mtoto mdogo na mama mjamzito wasinyweshwe kamwe. Mwenye homa apelekwe akapimwe damu. Hata kuku, ambao wengi wetu huwatilia majani haya katika maji, hawaponi kideri kwa shubiri. Kinga ya kideri ni chanjo.

Ute ndio wenye faida kwa ngozi. Hutiwa katika sabuni, mafuta ya kujipaka na dawa za kuoshea nywele. Nyumbani waweza kuutumia hivi:

Kwanza, kata jani la chini, ulisimamishe ndani ya karai, upande uliokatwa ukiwa chini, mpaka utomvu wa manjano uishe kutoka.

Pili, menya ganda kwa kisu safi, uoshe ute kwa maji safi.

Tatu, jaribu kidogo mkononi kwanza. Ukiwashwa, acha. Usipowashwa, paka ngozi iliyokauka au iliyochomwa na jua. Utumie siku ile ile, kwa sababu huharibika upesi.

Mtu akiungua moto, mwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya kumpaka kitu cho chote. Jeraha kubwa au la ndani ni la daktari.

Sasa neno juu ya biashara. Wanunuzi wa utomvu wakija, usikimbilie porini na panga. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri ya porini, kwa kuwa watu walikuwa wakiimaliza. Kanuni za mwaka 2007 zilifungua njia ya kuvuna shubiri iliyopandwa shambani, kwa kibali. Kabla ya kuuza, mwulizeni Bwana Shamba na ofisi ya Shirika la Wanyama Pori (KWS). Anayekuambia kibali hakina haja, mwogope.

Kuipanda si kazi ngumu. Chukua machipukizi kutoka mmea ulio shambani mwako au kwa jirani, uyaache kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, kisha yapande futi 3 kati ya shimo na shimo. Chagua mahali pasipotuama maji. Hata ukingo wa mtaro wenye mawe wafaa, na mizizi itasaidia kushika udongo. Wakati wa kuvuna kata majani machache ya chini tu, uyaache ya katikati yakue. Ukiling'oa shina zima, umekula mbegu.

Yule mama amepanda machipukizi sita kando ya mtaro wake. Ute anajipaka mikono baada ya palizi. Utomvu anaumwaga.