Kumlaza Mtoto Mchanga

Wakati wa likizo wengi wetu huachiwa mtoto mchanga, mama aendapo shambani au sokoni. Kumlaza si kazi ngumu, lakini yafaa tukumbuke neno moja kubwa: alazwe chali.

Wazee wengi huogopa kwamba mtoto akilala chali atapaliwa akitapika maziwa. Sivyo. Alalapo chali, njia ya pumzi huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yakipanda hurudi chini tumboni. Akilala kifudifudi mambo hugeuka. Zamani hata madaktari wa Ulaya na Marekani walishauri kifudifudi, na watoto wengi wakakutwa wamekufa usingizini. Mwaka 1991 Uingereza ilianza kuwafundisha wazazi wote kulaza watoto chali, na katika miaka michache vifo hivyo vilipungua zaidi ya nusu.

Tena, godoro liwe gumu kidogo, bila mto. Usimfunike uso wala kumlemea kwa mablanketi. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, kwani hewa yake ya sumu haionekani, nayo huua. Wala mtu asivute sigara humo.

Ili alale vizuri, ashibe, abebwe begani mpaka acheue, abadilishwe nepi, kisha alazwe.

Basi, ndugu mwanafunzi, bibi akikuambia umgeuze mtoto, usibishane naye. Mweleze kwa adabu habari ya zile njia mbili, atakuelewa.