Kemia Ipo Jamvini Kwetu

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu twadhani kemia ni elimu ya chupa na moto, ya watu wa hospitali na viwanda. Mimi nami nilidhani hivyo, na ujinga huo ulitutia hasara.

Mwaka niliomaliza skuli ya sekondari, baba alisafiri nami nikaachiwa mavuno. Siku moja tulichambua mpaka usiku. Kwa kuchoka, nikazirundika karafuu zote mbichi barazani, nikasema nitazianika kesho. Asubuhi nilitia mkono katikati ya rundo, nikautoa upesi: moto! Zilipokauka zilikuwa zimenyauka na kupauka, zile tuziitazo mpeta. Baba aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Huko skuli, mwanangu, mlisomeshwa nini?"

Nilikuwa nimesomeshwa. Karafuu mbichi ni maji kiasi cha theluthi mbili. Ikirundikwa, vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari iliyomo na kutoa joto, kama ifanyavyo hamira katika unga wa mkate. Joto likikosa pa kutokea huzidi, na karafuu huchacha. Suala hilo nililijibu katika mtihani. Rundo la nyumbani sikulitambua.

Kwa hivyo nawausieni haya:

1. Karafuu zilizochambuliwa zitandazwe usiku ule ule, tabaka jembamba, juu ya jamvi au sakafu kavu, na asubuhi zitolewe juani.

2. Jua likiwa zuri, siku 4 au 5 hutosha. Karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio. Ikipindika, bado ina maji.

3. Tusitie guniani karafuu yenye unyevu kwa tamaa ya uzito. Kilo 3 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Maji yanayosalia huleta ukungu, nao huharibu hata zile zilizokauka.

Je, karafuu nzuri hujulikanaje? Itie katika gilasi ya maji. Yenye mafuta yake huzama au husimama wima. Iliyoishiwa mafuta huelea imelala. Mafuta ndiyo mali yenyewe. Kilo 100 za karafuu kavu nzuri huwa na mafuta kiasi cha kilo 15 hadi 20, na sehemu kubwa yake ni kitu kiitwacho yujenoli, ndicho kinachotoa harufu na kulitia ganzi jino linalouma. Lakini mafuta hayo ni makali. Yawekwe mbali na watoto, kwani mtoto akiyanywa huweza kudhurika ini.

Ndugu zangu, karafuu zetu zikirudishwa kituoni, tusiilaumu mizani kabla ya kulitazama jamvi. Mwenye suala na alilete mkutanoni, tusaidiane.

Wassalaam,
Katibu wenu