Nuru, Mwonekano wa Vitu na Uteuzi wa Majina ya Rangi katika Kiswahili

Mnunuzi wa kitenge mwenye uzoefu halipi kabla ya kukipeleka kitambaa mlangoni mwa duka na kukitazama kwenye mwanga wa jua. Desturi hii, ambayo wauzaji wameizoea na hawaioni kuwa dharau, ina msingi wa kisayansi ambao mtafiti wa majina ya rangi hana budi kuuzingatia. Rangi anayoiona mtu ni zao la mambo matatu: nuru inayokiangaza kitu, sifa za uso wa kitu hicho, na jicho pamoja na ubongo unaofasiri nuru inayorudi. Nuru ikibadilika, rangi inayoonekana yaweza kubadilika ingawa kitu ni kilekile.

Mwanga wa mchana una mawimbi ya urefu wote unaoonekana, takribani nanomita 400 hadi 700. Nyanya mbivu hufyonza sehemu kubwa ya mawimbi mafupi na ya kati na kuakisi yale marefu. Ndiyo maana huonekana nyekundu. Nyanya hiyohiyo ikiwekwa gengeni chini ya turubai la buluu hufikiwa na mawimbi marefu machache, hivyo hufifia na kuelekea weusi. Chini ya mwavuli mwekundu mambo huwa kinyume, na nyanya iliyoanza tu kuiva hupata wekundu usio wake. Mfano uliokithiri ni taa ya sodiamu ya shinikizo dogo, ambayo nuru yake karibu yote iko kwenye nanomita 589. Chini ya taa hiyo vitu hutofautiana kwa mng'ao tu, na gari la buluu huonekana jeusi. Kibatari hakifikii hali hiyo, ila nuru yake ina mawimbi mafupi machache mno. Kwa sababu hiyo si rahisi usiku kutenganisha suruali ya buluu iliyokoza na nyeusi.

Hata hivyo, ubongo hufidia mabadiliko mengi ya nuru. Karatasi nyeupe huendelea kuonekana nyeupe chini ya taa ya umanjano, japo nuru inayotoka kwayo ni ya manjano. Uthabiti huu wa rangi hutegemea vitu vingine vilivyo karibu na, kwa kiasi fulani, kumbukumbu: anayeijua nyanya huiona nyekundu kuliko inavyostahili.

Hapa ndipo suala linapogusa Kiswahili. Mizizi -eusi, -eupe na -ekundu hupokea viambishi vya upatanisho wa ngeli, ilhali majina mengine mengi yamefungamana na vitu: kijani na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda, manjano na kiungo cha jikoni. Msailiwa anapooneshwa kitu halisi, kumbukumbu ya kitu hicho humsaidia kupata jina hata nuru ikiwa mbaya. Anapooneshwa kipande cha rangi kisichofanana na chochote, msaada huo haupo, na nuru ya wakati ule hubeba uzito mkubwa zaidi.

Brent Berlin na Paul Kay (1969), ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza kwa kuwahoji wazungumzaji, walitumia vipande vya Munsell. Thamani sanifu za vipande hivyo zimekokotolewa kwa nuru inayowakilisha mwanga wa mchana. Kuvitumia chini ya taa yoyote iliyopo chumbani ni kupima kwa rula ambayo alama zake zimesogezwa.

Ichukuliwe kwamba msailiwa anaoneshwa kipande cha buluu iliyokoza saa mbili usiku, kwa nuru ya kibatari, naye akajibu "nyeusi". Jibu hilo lina fasiri mbili. Huenda katika lahaja yake -eusi hujumuisha rangi zote za giza, jambo ambalo ni hoja nzito ya kisemantiki. Huenda pia hakuna nuru ya buluu iliyolifikia jicho lake. Data yenyewe haiwezi kuamua. Kinachoweza kuamua ni kumwonesha msailiwa yuleyule kipande kilekile mchana, kivulini penye mwanga wa kutosha, mbali na kuta na mapaa yenye rangi kali, na kuandika aina ya nuru na saa ya usaili kando ya kila jibu.