Hata nyota nazo huzushiwa!

Ukikaa uswahilini, kama hujazushiwa wewe basi kazushiwa jirani yako. Mtaani kwetu Tandika kuna mshkaji alisingiziwa kaiba redio. Wiki ya pili redio ikaonekana kwa fundi, kumbe mwenyewe kaipeleka akasahau. Unadhani kuna aliyemfuata mshkaji kumwambia "samahani, mdogo wangu"? Thubutu! Kahamia Mbagala na jina lake la mwizi.

Sasa sikia umbea wa juu kabisa, wa nyota.

Ipo nyota inaitwa HD 83443, kwenye kundi la Vela, maana yake matanga ya jahazi. Kwa macho matupu huioni. Mwanga wake unatumia miaka kama 133 kutufikia. Mwaka 2000 Michel Mayor na wenzake wa Geneva, Uswisi, wakitumia darubini iliyoko Chile, walitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari mbili. Moja inaizunguka kwa siku 3 hivi, nyingine kwa siku 30.

Waliziona? Wapi! Mwanga wa nyota unazimeza. Wanachopima ni nyota kuyumba. Umeshaona baba kamshika mtoto mikono, anamzungusha hewani? Mtoto anazunguka, na baba naye anayumba kidogo. Hata kama giza limemficha mtoto, ukimwona baba anayumba vile utajua kashika kitu. Ubaya ni kwamba wengine wanayumba kwa gongo tu! Nyota nazo ndivyo: madoa ya usoni mwake, au vipimo vikiwa vichache, vinaweza kukuingiza mjini.

Basi wataalamu wengine, Wamarekani na wa Australia, hawakubishana kwa mdomo. Walichukua darubini mbili, moja Hawaii na nyingine Australia, wakapima upya. Mwaka 2002 wakatoa jibu: sayari ya siku 3 ipo kweli, vipimo vinakubaliana. Ile ya siku 30, hola! Ilidaiwa kuitikisa nyota kwa mita karibu 14 kwa sekunde. Vyombo vyao vingenasa hata robo ya mtikisiko huo, na havikunasa kitu.

Mayor na wenzake wangeweza kununa. Wao wakaendelea kupima, na mwaka 2004 wakaandika wenyewe kwamba ile dalili imetoweka. Sayari ikafutwa.

Je, waliaibika? Mwaka 2019 Mayor huyohuyo alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia pamoja na Didier Queloz, kwa sayari waliyoitangaza mwaka 1995. Hiyo nayo wenzao waliipima upya, ikasimama.

Desemba 2019 ile nyota yetu ikapata jina rasmi, tena kutoka kwa majirani zetu Wakenya. Inaitwa Kalausi, neno la Kijaluo, yaani upepo mkali unaozunguka. Sayari yake iliyothibitishwa ni Buru, vumbi. Ile ya uzushi hakuna aliyeipa jina.

Mshkaji wetu wa Mbagala ndiye bado analo jina la uzushi. Na mimi nikiri, msomaji wangu: nilikuwa mmoja wa waliolitangaza, na sikupima chochote. Jumapili hii napanda daladala kumfuata. Akinifukuza, haki yake.

Tukutane wiki ijayo.